Komeo la Mlango

Wasomaji wetu watukufu, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio wasomaji wa kwanza wa ukurasa huu, wiki hii hatuandiki juu ya hukumu za mirathi wala adabu za arusi. Twaandika juu ya mpwa wetu, kwa idhini yake, na kwa sharti aliloliweka mwenyewe kwamba jina lake lisitajwe. Twaandika pia juu ya kosa letu sisi, ambalo halihitaji idhini ya mtu.

Mpwa wetu, binti wa dada yetu, alizaliwa na kulelewa Mombasa. Aliolewa na kijana wa Kikisii aliyesilimu alipokuwa akifanya kazi bandarini, na kazi ilipokwisha wakaenda zao Nyamira, kwa wazazi wa mume, wakakaa katika kishamba cha chai na migomba pamoja na mama mkwe ambaye ni Msabato. Waislamu huko ni wachache mno, na adhana kwao hutoka katika simu. Hata hivyo hatukuwahi kusikia kwamba alinyanyaswa kwa dini yake. Mama mkwe alimtengea sufuria zake, na Jumamosi akienda kanisani humwachia yeye nyumba.

Baada ya uzazi wa pili, kabla arubaini haijatimia, usingizi ulimtoka. Kisha akaanza kusikia sauti zikimwambia kuwa mtoto aliyempakata si wake. Mumewe akampeleka hospitali, akalazwa, akapewa dawa na baadaye akawekewa sindano ya kila mwezi. Alipata nafuu, alhamdulillahi, akarudi jikoni kwake na kwa watoto wake.

Hapo ndipo tulipoingia sisi. Alitupigia simu mwishoni mwa Shaabani akalalamika kwamba sindano ile yamfanya mzito, ulimi wakauka, na swala ya alfajiri yampita amelala. Nasi tuliosoma madrasa tangu utotoni, na tusiosoma hata ukurasa mmoja wa utabibu, tulimwambia aiache kwa mwezi mtukufu, ashikamane na Ayatul Kursiyyi na nyiradi za asubuhi na jioni, nasi tutamsomea kwa simu kila baada ya tarawehe. Hatukumuuliza mwuguzi wala mumewe. Tulimwambia na tukalala usingizi wetu.

Kufika kumi la mwisho alikuwa akitoka usiku na kutembea peke yake baina ya migomba, akisema kwa sauti.

Msomaji wa pwani huenda asiujue uzito wa jambo hilo katika milima ile. Mtu anayetembea usiku, anayezungumza peke yake, asiyejibu akiitwa, huko huweza kuitwa omorogi, yaani mchawi, na jina hilo limewahi kuua. Mwezi wa Mei 2008 watu kumi na mmoja, wengi wao wanawake, waliuawa kwa moto upande wa Kisii kwa tuhuma hiyo. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma ile ile. Madaktari wamesema mara nyingi kwamba miongoni mwa wanaotuhumiwa wamo wazee ambao akili zimechakaa kwa maradhi ya usahaulifu, wasiojua njia ya kurudi nyumbani. Mama mkwe aliyajua hayo yote. Alikitandika kirago chake kizingitini na akalala hapo usiku kumi na moja, ili mke wa mwanawe asitoke, na ili asiingie mtu.

Habari ilitufikia Mfungo Mosi. Tulipanda basi la usiku pamoja na mama watoto, tukashinda Nairobi kutwa nzima, tukapita Narok na Bomet, tukashuka Kisii alfajiri na baridi yake, tukachukua matatu hadi Nyamira. Mama mkwe alitupokea kwa heshima kubwa kuliko tuliyostahili. Tulisikia wajukuu wakimwita ‘baba’ tukadhani tumesikia vibaya, kumbe kwa Kikisii ‘baba’ ndiye mama, na baba ni ‘tata’. Hakutulaumu. Alituambia tu, kwa Kiswahili chake cha shamba, ‘Mzee, wewe uliomba vizuri. Lakini mimi ndiye nililala mlangoni.’

Hatukuwa na jibu, na hadi leo hatuna.

Ilibidi arudishwe hospitali, lakini mpwa wetu alikataa katakata kurudi pale alipolazwa mara ya kwanza. Mahali hapo hatutapataja. Alimweleza mama watoto, na kwa idhini yake twaandika kidogo tu katika aliyoyasema: kwamba alinyolewa nywele bila kuulizwa, shungi lake lilichukuliwa siku ya kwanza na hakuliona tena, na kwamba kwa majuma matatu aliitwa kwa nambari ya kitanda. Alipotolewa, aliambiwa arudi ‘baada ya mwezi’, bila kuandikiwa siku. Alipokosa kurudi hakuna aliyejua kama amekosa. Na hilo la mwisho ndilo tulilolifikiri sana njiani, kwa sababu lau kungekuwa na mtu anayejua kwamba sindano ya mwezi ule haikupigwa, angaliuliza, na ushauri wetu mbovu ungalikamatwa kabla haujazaa matunda yake.

Mume akasema iko wodi nyingine, ndogo zaidi, katika hospitali moja ya upande ule, ambayo watu wameanza kuisifu. Tukaenda.

Kwa macho haikuwa na cha kusifiwa. Jengo la zamani, mabati yaliyoshika kutu, vitanda vya chuma, na wodi ya wanawake iliyotenganishwa na ya wanaume kwa ukuta usiofika darini. Tulijisemea moyoni kwamba tumetoka kwenye moshi tumeingia motoni. Lakini sista aliyetupokea, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimsalimu kwanza mgonjwa, akamuuliza apenda kuitwaje, na akamuuliza kama shungi lake lamstarehesha au lambana. Kisha akafungua daftari la karatasi kubwa, la aina ile wanayotumia wenye maduka ya jumla, lililopigwa mistari kwa rula.

Tulikaa Nyamira siku tisa, na kila siku tulikwenda kumtazama. Saa za kungojea zilikuwa nyingi, na sista, alipoona kwamba tuna udadisi, alitueleza daftari lile ni la nini. Alisema wizara yao ina mwongozo wa ubora wa huduma za afya, uliotungwa mara ya kwanza mwaka 2001 na kutengenezwa upya baadaye, na kwamba vyumba vingi vya hospitali umebandikwa ukutani na hausomwi. Wao waliamua kuuanza kwa mambo machache tu. Katika daftari mlikuwa na safu ya waliotarajiwa kurudi kliniki na waliorudi kweli. Mlikuwa na safu ya siku ambazo dawa fulani ilikwisha rafuni. Iko ya mtu kufungiwa peke yake au kushikwa kwa nguvu, kwa muda gani na kwa sababu gani. Iko ya walioondoka bila ruhusa. Na ya mwisho, ambayo kwa mara ya kwanza hatukuitilia maanani, ni ya maneno ya mgonjwa mwenyewe anapotoka: jambo gani lilimuudhi.

Kila Jumatatu asubuhi hukaa nusu saa, waganga na wauguzi na mpishi na mlinzi wa lango, wakachagua safu moja na kuuliza kwa nini. Hawaulizi ni nani. Wakipata sababu wanayoidhania, hubadili jambo moja dogo, huliacha kwa majuma manne, kisha hulitazama tena daftari. Likiwa halikufaa hulitupa na kujaribu jingine.

Akatupa mfano. Waliokosa kliniki walikuwa wengi kuliko waliofika, na kila mtu alisema ni kwa sababu wagonjwa hawa hawajui tarehe. Walipouliza, wakakuta kwamba siku ya kliniki ndiyo siku ya soko. Anayemleta mgonjwa kwa kawaida ni mama yake au mkewe, na mwanamke wa kule hawezi kuiacha siku ya soko, kwani ndiyo chumvi na karo ya juma zima. Kliniki ikahamishwa siku. Ugonjwa wa wale watu haukubadilika hata chembe, ila safu ya waliorudi ilibadilika.

Lakini mfano uliotufanya tuandike makala haya ni wa komeo.

Kwa muda mrefu wodi ya wanawake ilikuwa na wagonjwa wanaotoroka, na saa yao ilikuwa moja: jioni, kabla ya giza. Rejista ya zamani iliandika neno hilohilo, ‘ametoroka’, na mbele yake wengine waliongeza ‘hajielewi’. Walifikiri kuongeza mlinzi. Walifikiri kuongeza dawa ya usingizi. Katika moja ya vikao vile vya Jumatatu mpishi, mama mmoja asiyejua Kiingereza cha waganga, alisema kwamba yeye akigawa uji wanawake humwambia kitu kimoja: mlango wa choo hauna komeo. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, njia ya kila mtu, na usiku yeyote aweza kuusukuma mlango. Baadhi yao walijizuia hadi asubuhi. Baadhi waliamua kwamba ni heri kurudi nyumbani, hata kama nyumbani kwafika kwa miguu.

Walikuwa wameyasema hayo tangu zamani. Tulipopewa ruhusa ya kuangalia kurasa za nyuma za rejista, majina yakiwa yamefunikwa, tuliyakuta maneno yao yameandikwa kwa mkono wa mwuguzi, katika mahali pa dalili: ‘Ana wasiwasi. Adai kuna watu wataingia chooni.’

Msomaji, simama hapo kidogo. Mtu aliyevunjika mguu akisema godoro lake lina maji, godoro hugeuzwa. Mwenye maradhi ya akili akisema neno hilohilo, huandikwa kuwa ni sehemu ya maradhi yake. Ni mgonjwa pekee ambaye malalamiko yake huhesabiwa kuwa dalili. Kwa hiyo mahali pa kumtunza mtu huyu pahitaji utaratibu wa kusikiliza ulio imara kuliko mahali pengine popote, utaratibu usiongojea moyo mzuri wa mwuguzi wa zamu, kwa sababu moyo mzuri huchoka saa nane za usiku.

Hata komeo lenyewe halikuwekwa kwa pupa. Mganga mkuu wa wodi alipinga, na alikuwa na haki: mgonjwa aliyejifungia ndani aweza kujidhuru na asifikiwe. Wakajadiliana majuma mawili. Mwishowe fundi wa pale akatengeneza komeo ambalo mtu hulifunga kwa ndani, na mwuguzi aweza kulifungua kwa nje kwa ufunguo anaouvaa shingoni, baada ya kubisha mara tatu na kutaja jina lake. Gharama yake ilikuwa chini ya nauli ya mtu mmoja kutoka Nyamira hadi Nairobi. Safu ya waliotoroka jioni ikabaki tupu mwezi wa kwanza, na wa pili pia.

Sisi tuliosomeshwa hadithi tangu wadogo, tulipoonyeshwa komeo lile, tulimkumbuka mwanamke yule aliyekuwa na maradhi ya kifafa, aliyekwenda kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ambaye habari yake imo katika Bukhari na Muslim. Alipewa hiari baina ya kusubiri na pepo iwe yake, au kuombewa apone. Akachagua kusubiri. Lakini alikuwa na ombi moja jingine, kwamba anapoanguka hufunuka, basi aombewe asifunuke. Akaombewa. Mara ngapi tumeisoma habari hii darasani, na mara zote tukaifanya somo la subira! Mwanamke aliutaja msiba wake na akautaja unaomuuma zaidi, nao haukuwa ugonjwa. Alisikilizwa katika yote mawili. Na yuko mwanamke mwingine, katika Muslim, kutoka kwa Anas, radhi za Allah zimfikie, ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu. Alisema ana haja, na Mtume akamwambia achague njia yoyote aitakayo, akasimama naye kando hadi haja yake ikaisha. Hakutanguliza kupima kama maneno yake yana maana.

Elimu hii ya kusimamia ubora katika nyumba za tiba haikuanza jana, wala si ngeni kwetu. Mwaka 319 wa Hijra, sawa na 931 wa Miladi, Khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mtu mmoja amekufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Aliamuru muhtasib, msimamizi wa masoko na mizani, asimwache tabibu yeyote afanye kazi mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit. Waliotahiniwa mjini humo walikuwa zaidi ya mia nane na sitini. Wanahistoria wamehifadhi kisa cha mzee mmoja aliyemjia Sinan akiwa amevaa vizuri, na alipoulizwa alisoma kwa nani, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, ila ana watu wa kulisha. Sinan hakumfukuza. Alimwachia kwa sharti kwamba asimwingilie mgonjwa katika jambo asilolijua, na asiguse tiba nzito isipokuwa katika maradhi mepesi. Kisa hiki twakipenda, nacho chatuaibisha, kwa sababu yule mzee alijua mpaka wake baada ya kuambiwa mara moja.

Baadaye miji ya Waislamu ilijenga bimaristani, nyumba za wagonjwa zenye wakfu. Ile ya Nuruddin ilijengwa Damascus mwaka 1154, na ya Sultani Qalawun ikajengwa Cairo mwaka 1284. Aleppo bado liko jengo la Arghun la mwaka 1354, ambamo wagonjwa wa akili walitunzwa katika vyumba vilivyozunguka viwanja vyenye maji. Maji yale na hewa ile vilihesabiwa kuwa ni katika tiba. Wala tusijidanganye kwamba yote yalikuwa mazuri, kwani minyororo nayo ilikuwako.

Na hata kwa wenyeji wetu wa Kisii kuna la kujifunza. Walikuwa na mabingwa wao waliopasua fuvu la kichwa kwa mtu aliyepigwa akabaki na maumivu yasiyokoma, na habari zao ziliandikwa na Dkt. Edward Margetts, daktari wa Kanada aliyehudumu Mathari miaka ya 1950. Ufundi ule hujifunzwa kwa kusimama kando ya mwalimu. Hakuna aliyeshika kisu kwa sababu tu amejiona ana baraka.

Katika zama zetu mtu aliyelipanga jambo hili kwa lugha ya wasomi ni Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut, katika maandishi yake ya mwaka 1966. Alisema ubora wa tiba hutazamwa katika mambo matatu: vilivyopo, yanayofanywa, na yanayotokea. Mama zetu wataelewa upesi kwa mfano wa pilau ya arusi. Kuna sufuria na mchele, kuna mkono wa mpishi, na kuna shibe ya wageni. Ukihesabu sufuria peke yake hujui kama watu walikula. Serikali nyingi, na misikiti mingi pia, huhesabu sufuria. Hujengwa jengo, hukatwa utepe, na picha hutiwa gazetini.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo mahususi vya nyumba za maradhi ya akili, nalo likavijenga juu ya haki: je, mahali ni pa kukaa mwanadamu? Je, tiba ni njema kama ya maradhi mengine? Je, mgonjwa aulizwa na kuheshimiwa hiari yake? Je, yuko salama na mateso na matusi? Je, asaidiwa kurudi kuishi na watu? Kenya imekuwa ikifundisha vipimo hivyo. Tena jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa, na sheria ya mwaka 1989 ikarekebishwa Juni 2022, ikazipa kaunti wajibu wa huduma hizi na kutilia nguvu ridhaa ya mgonjwa. Twayataja kwa ufupi ili kila familia ijue kwamba ikiuliza maswali kule wodini haiombi hisani. Mathari, iliyoanza mwaka 1910 kama nyumba ya kufungia, ilikuwa kwa vizazi ndiyo mahali pekee watu walipopawaza wakisikia maradhi haya. Leo wapwani wana wodi Port Reitz, na kaunti za bara zina zao. Swali limehama kutoka ‘wapi’ kwenda ‘vipi’.

Tulimuuliza sista kama daftari lake haliongopi. Akacheka. Alisema mwaka wa kwanza walipoanza kuandika idadi ya waliofungiwa peke yao, idadi ilishuka kwa haraka ya ajabu, wakafurahi, hata wakapongezwa na wakubwa. Kisha safu ya maneno ya wagonjwa ikaonyesha kwamba kufungiwa hakukupungua. Kilichopungua ni kuandikwa, kwa kuwa mwuguzi mmoja alikaripiwa kwa nambari zake na wenzake wakapata funzo. Tangu hapo wana mwiko mmoja: anayeandika kosa lake haadhibiwi kwa kuandika. Na safu ya wauguzi hulinganishwa na safu ya wagonjwa kila mwezi. Tuliona kwamba huyu mama, asiyejua hata herufi ya Kiarabu, amefahamu kitu katika maana ya kujihesabu nafsi ambacho sisi tumekihubiri miaka thelathini.

Kwa maana, wapenzi wasomaji, ni nani anayeshika daftari katika nyumba zetu za ruqya? Pwani yetu ina vituo na mabaraza mengi ambamo watu husomewa. Wako wenye kujua mpaka wao, na Allah awalipe kheri. Wako pia wanaomweka mtu miezi kwa mnyororo mguuni, wanaompiga kwa madai kwamba anayepigwa ni jini, wanaomnyima chakula na dawa. Hakuna anayejua wangapi waliingia, wangapi walipona, wangapi walizikwa. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ametufunza kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Mafakihi wameichambua kauli hiyo katika milango ya diya. Sisi tuliifundisha kwa wanafunzi, na mwezi mmoja baadaye tukamwachisha mwanamke sindano kwa simu.

Hatusemi Qur’ani isisomwe. Tulimsomea mpwa wetu pale wodini kila siku, na sista alituwekea kiti. Alichotuomba ni kwamba usomaji wetu nao uandikwe katika karatasi ya mgonjwa, saa na muda, kama inavyoandikwa dawa, ili wajue kama akilala vizuri siku hizo ama la. Mara ya kwanza tulihisi kama tunavunjiwa heshima. Siku ya tatu tukaandika wenyewe.

Na lile la sindano kumzidia uzito lilipata ufumbuzi wake, ambao ungalipatikana kwa simu moja mwezi wa Shaabani. Mganga alipunguza kipimo na akabadili saa za kidonge alichokuwa akinywa, kikawa cha baada ya Magharibi. Ulimi bado wakauka. Alfajiri haimpiti, au haimpiti sana, kama asemavyo mwenyewe kwa kicheko.

Tuliporudi Mombasa tulilifikisha jambo hili kwa kamati ya akina mama wa msikiti wetu, nao wakalichukua kwa wepesi uliotushangaza, kwani kila mmoja alikuwa na mtu. Sasa lipo daftari. Halina majina, lina alama ambazo kila familia imejichagulia, kwa kuwa sitara ya nyumba za watu ni amana. Lina safu tatu: siku ya kliniki, kama alikwenda, na kama hakwenda ni kwa nini. Mwezi wa kwanza safu ya tatu ilionyesha jambo ambalo sisi wa mimbarini hatukulijua, kwamba wawili hawakwenda kwa sababu hakuna wa kubaki na watoto, na mmoja kwa sababu aliambiwa na ustadhi aache dawa. Ustadhi yule hakuwa sisi. Tulikwenda kumwona, tukakaa naye barazani, tukamweleza habari ya kizingiti cha Nyamira na mama aliyelala hapo. Alisikiliza. Hakutuahidi kitu, nasi tutarudi.

Mpwa wetu ametoka wodini na yuko kwake. Siku yake ya sindano imeandikwa kwa kalamu nyekundu katika kadi, na mama mkwe ameinakili kwa makaa ukutani jikoni. Juma lililopita alitupigia simu. ‘Mjomba,’ alisema, ‘nilikwenda kliniki, nikaingia choo cha wodi, nikaona skrubu ya lile komeo imelegea. Nikamwambia sista.’ Tulimuuliza sista alisema nini. ‘Hakusema kitu. Alifungua daftari akaandika.’